Mama Hana Ajira

Nikiwa mwaka wa pili, mhadhiri wetu wa jiografia alitupa zoezi: kila mmoja aende likizo na hojaji ya nguvukazi, amhoji mtu mmoja wa nyumbani. Nilimhoji mama, Bwesumbu.

Maswali yalihusu siku saba zilizopita. Umefanya kazi ya kulipwa, japo kwa saa moja? Hapana. Una biashara? Hapana. Umelima? Mama akacheka. Wiki ile alikuwa amepanda maharage mlimani, amechimba mihogo, amebeba kuni. Mazao hayo ni ya kuuza au ya kula? Ya kula.

Nikajumlisha majibu. Mama hana ajira. Na kwa kuwa hatafuti kazi, hahesabiwi hata miongoni mwa wasio na ajira. Yuko nje ya nguvukazi.

"Kwa hiyo nimekaa bure?" akaniuliza kwa Kikonzo. Sikumjibu.

Sikuwa nimekosea kujumlisha. Mwaka 2013, mkutano wa wanatakwimu wa kazi ulioitishwa na Shirika la Kazi Duniani mjini Geneva uliamua kwamba ajira ni kazi ya malipo au faida. Kulima chakula cha nyumbani ni kazi, ila si ajira. Ningemhoji wiki ya kuvuna kahawa ya kuuza, angehesabiwa: mama yule yule, jembe lile lile.

Hapo nikaanza kuitazama Kasese upya. Kiwanda cha saruji cha Hima, chumvi ya Katwe, mpaka wa Mpondwe: kazi za tambarare huonekana kwenye majedwali. Hata shaba ya Kilembe, iliyoleta reli hadi Kasese mwaka 1956, ilikuwa na orodha ya mishahara. Huku juu milimani majedwali hayatuoni vizuri.

Baba anataka nikimaliza shahada niende Bwera, nifanye biashara na Wakongo. "Utafiti utakulisha lini?" huniuliza. Ni swali la haki. Ada yangu imetoka kwenye kahawa yake, na nina wadogo zangu wanaosoma.

Hata hivyo nimeomba nafasi ya uzamili. Uamuzi ule ule wa 2013 unazitaka nchi zipime pia kazi ya kujilisha, peke yake. Nataka kuipima huku kwetu, kwa msimu na kwa mteremko. Baba nimemwomba miaka miwili. Bado hajaniambia ndiyo. Mama ameuliza tu kama safari hii nitakuja na maswali mengine.