Jinsi Tulivyoihamisha Wiki ya Shule

Mhariri ameniomba nieleze habari za kuhamishwa kwa wiki yetu, jambo lililotushughulisha sana wanachama wa Chama cha Kompyuta muhula huu. Nami nimekubali kwa furaha, kwa kuwa mengi yamesemwa bwenini juu ya kazi hiyo, na si yote yaliyo kweli.

Kwanza yafaa niwaeleze wazazi wetu wiki ni kitu gani, maana wako waliodhani twasema habari za siku saba. Asili ya neno hili ni lugha ya Hawaii, na maana yake ni upesi. Bwana Ward Cunningham wa Marekani ndiye aliyelitumia kwanza, mwaka 1995, kuwa jina la kurasa zake ambazo kila msomaji aweza kuziandika na kuzisahihisha papo hapo. Wikipedia, ile ensaiklopidia iliyoanza Januari 2001, imejengwa kwa njia hiyo, na Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Programu inayoiendesha huitwa MediaWiki, nayo ni programu huria, yaani walioitunga wameacha maandishi yake wazi, na mtu yeyote ana ruhusa ya kuichukua bure, kuitumia, na hata kuirekebisha akiweza. Ndiyo sababu shule ya serikali hapa Bariadi imeweza kuwa na wiki yake bila kulipa hata senti moja.

Wiki yetu haihitaji intaneti. Inakaa katika kompyuta moja iliyo pembeni mwa chumba cha kompyuta, ambayo kwa kuwa inazihudumia nyingine tunaiita seva. Ina kurasa mia mbili na zaidi, zote zimeandikwa na wanafunzi tangu mwaka 2019, na karibu zote zahusu kwetu: pamba, Mto Simiyu, ngoma za Wagika na Wagalu, viwanja vya Nyakabindi palipofanyika Nane Nane ya kitaifa kwa miaka mitatu, 2018 hadi 2020. Uko pia ukurasa wa michembe. Mwenzetu mmoja aliyetoka pwani aliandika humo kwamba michembe na matobolwa ni kitu kimoja. Kabla ya kengele ya chakula alikuwa amekwisha sahihishwa mara saba, na mmoja wa wasahihishaji alimwongezea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. (Kwa faida ya wasiojua: viazi vya michembe hukatwa na kuanikwa vibichi, bali vya matobolwa huchemshwa kwanza.)

Basi, seva yetu ilikuwa imezeeka. Vumbi la kiangazi liliingia ndani yake kila mwaka, umeme ukakatika na kurudi mara nyingi, na mwishowe diski yake ikaanza kulia kama mtu anayetafuna karanga. Mwalimu wetu wa kompyuta alisema haitafika mwisho wa mwaka. Kwa bahati nzuri mzazi mmoja alituletea kutoka Mwanza kompyuta iliyokwisha tumika lakini ingali na nguvu. Kazi iliyobaki ilikuwa kuhamisha.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. MediaWiki hutoa nakala kwa namna mbili: ama kila ukurasa kama ulivyo leo, ama kila ukurasa pamoja na masahihisho yake yote tangu siku ya kwanza, yakiwa na majina ya waandishi, tarehe na saa. Baadhi ya wenzangu walitaka njia ya kwanza. Walisema diski ni mgonjwa, na kadiri tunavyoisomesha mengi ndivyo tunavyoiharakisha kufa. Tena, walisema, historia ya kurasa imejaa makosa na matusi ya watoto wa Kidato cha Kwanza; kwa nini tuyabebe mpaka nyumba mpya? Mtu akihama huacha takataka nyuma. Nakiri hoja yao ya kwanza ilikuwa na uzito. Ya pili sikuikubali hata kidogo, na sababu yangu ilikuwa ukurasa wa ngitili.

Ngitili ni sehemu ya malisho ambayo Wasukuma huifunga wakati wa mvua ili nyasi zisimame, kisha huifungua kiangazi ng'ombe wanapokosa majani. Ukurasa huo mwanzoni ulisema kwamba ngitili zililetwa na mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, wakati Bariadi, Maswa na Meatu zilipokuwa bado Mkoa wa Shinyanga. Aliyeandika hivyo hakudanganya; ndivyo alivyoelewa. Mwaka 2022 dada mmoja wa Kidato cha Nne, mwenyeji wa Meatu, alifuta sentensi ile. Aliandika kwamba babu yake alichunga katika ngitili ya ukoo tangu utotoni, miaka mingi kabla ya HASHI, na kwamba mradi ulifufua tu desturi iliyokuwa ikifa. Yule wa kwanza akairudisha sentensi yake. Dada akaifuta tena, na safari hii akaeleza mahali ilipokuwa ngitili ile, jinsi mipaka yake ilivyojulikana, na adhabu ya mtu aliyeingiza mifugo kabla ya wakati. Hatimaye yule mwenzake akaandika, "Nimekubali."

Leo ukurasa una sentensi moja tu juu ya jambo hilo: ngitili ni desturi ya zamani, na HASHI iliifufua. Maelezo ya mipaka na adhabu yalipunguzwa baadaye na mtu aliyeona ukurasa umekuwa mrefu. Yako katika historia peke yake. Dada yule amekwisha maliza shule, na babu yake alifariki mwaka uliofuata. Tungalichukua kurasa za leo tu, ile sentensi moja ingalibaki bila mtu, na anayetaka kuipinga kesho asingalijua kwamba imekwisha pingwa na kujibiwa.

Mwalimu hakutuamulia. Alitueleza tu habari mbili. Ya kwanza ni ya ruhusa: maandishi ya wiki yetu, kama ya Wikipedia, yametolewa kwa masharti ya Creative Commons, ambayo huruhusu kunakili bure lakini hudai waandishi watajwe. Kuwafuta waandishi ni kuvunja sharti. Ya pili ilinishangaza zaidi. Wikipedia yenyewe mwanzoni iliendeshwa kwa programu nyingine, UseModWiki, ambayo haikutunza masahihisho yote ya zamani. Ilipohamia programu mpya mwaka 2002, sehemu kubwa ya historia ya miezi yake ya kwanza haikuonekana tena. Ilidhaniwa imepotea, mpaka Desemba 2010 Bwana Tim Starling, mmoja wa mafundi wake, alipokuta katika mafaili ya zamani nakala za mwezi wa Februari, Machi na Agosti 2001. Karibu miaka kumi, wakubwa wa kazi hiyo hawakuweza kuonyesha jinsi kurasa zao za kwanza zilivyoandikwa!

Baadaye walijifunza kuhama vizuri. Januari 2013 Wikipedia za lugha zote, na ya Kiswahili pamoja nazo, zilihamishwa kutoka seva za Tampa, Florida, mahali penye vimbunga, zikapelekwa Ashburn, Virginia, penye njia bora za mawasiliano. Na tangu mwaka 2016 hufanya mazoezi ya kuhamia Texas na kurudi, ili siku ya ajali isiwakute hawajajiandaa. Wakati wa mazoezi hayo, kwa dakika chache watu husoma lakini hawawezi kuandika.

Tukapiga kura. Walioitaka historia tulishinda kwa kura tatu.

Nasi tulifanya kama wao: Ijumaa jioni tulifunga uandishi, wasomaji wakabaki kusoma tu. Kisha tukaiamuru seva itoe nakala nzima. Ilitoa polepole mno, ikikwama na kuendelea, nasi tumekaa kimya kana kwamba sauti zetu zingeiumiza. Ilipokaribia saa tatu usiku umeme ulikatika. Kiranja wa bweni alikuja na tochi kutufukuza, na wale waliokuwa wamepinga walitutazama bila kusema neno, jambo lililokuwa baya kuliko kusema.

Jumamosi asubuhi seva iliwaka, lakini baada ya kuizima na kuiwasha mara mbili. Mmoja wetu alisema nakala ya jana yaonekana kamili, kwani faili lilikuwa kubwa na lilifunguka. Mwalimu akasema tuhesabu. Seva ya zamani ilikuwa na masahihisho 3,146. Tulipoiingiza nakala katika mashine mpya tulipata 2,871. Kurasa za mwisho zilikuwa hazimo, na ukurasa wa ngitili ulikuwa miongoni mwake. Tulianza upya, safari hii tukitoa kurasa hamsini hamsini na kuzihifadhi kila fungu katika flashi, ili umeme ukikatika tupoteze fungu moja tu. Tulimaliza baada ya chakula cha mchana. Tulihesabu mara tatu, watu watatu mbalimbali: 3,146.

Picha zilituchukua Jumapili nzima, kwa kuwa hukaa katika folda lao peke yao, lakini sina haja ya kuwachosha kwa hayo. Diski ya zamani haijafutwa. Imefungwa katika mfuko na kuwekwa kabatini mwa mwalimu, na nakala nyingine imo katika flashi mbili, moja ya shule na moja ya mzazi aliyetuletea mashine.

Jumatatu uandishi ulifunguliwa. Sahihisho la 3,147, la kwanza katika seva mpya, lilifanywa na mtoto wa Kidato cha Kwanza kutoka Itilima. Aliufungua ukurasa wa ngitili, akasoma historia yake, akarudisha habari za mipaka na adhabu zilizokuwa zimepunguzwa, kisha akaongeza kwamba kwao adhabu ilikuwa tofauti. Amesema atamwuliza bibi yake likizoni.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV