Kinanda Kisichosikia

Mpiga kinanda wetu anaishi Bukoba mjini, nasi kwaya tuko Muleba. Hatuna nauli ya kumleta kila siku ya mazoezi. Kwa hiyo hurekodi nyimbo za Mwimbieni Bwana kwa simu na kututumia kwa WhatsApp. Tunaunganisha simu na spika ndogo, tunaimba.

Rekodi hizo zimetufaa sana. Kwaya isiyo na kinanda huvuta beti, na sauti hushuka kidogo kidogo. Sisi sasa tunamalizia palepale tulipoanzia. Kinanda cha kwenye simu hakimbembelezi mtu.

Lakini pia hakimsikii mtu. Yupo bibi mmoja wa alto ambaye pumzi yake sasa ni fupi. Akimaliza mstari huhitaji kupumua, na kinanda kimekwisha kwenda. Jioni moja alisema, "Wanangu, niacheni nikae na wasikilizaji." Hakuna aliyejibu. Mwalimu wa kwaya akazima spika, tukaimba tukipumua pale bibi anapopumua. Hakuondoka.

Tangu siku hiyo tunajifunzia sauti kwa rekodi, tukishazijua, tunaizima.

Tunamkumbuka Bwana katika njia ya Emau. Aliijua safari yote, lakini alikwenda mwendo wa wale wawili, akasikiliza kwanza huzuni yao. Mungu ametupa sheria, nayo haibadilishi mapigo kwa ajili yetu. Ametupa pia Mwanawe, naye hutungoja tupumue.