Maji ya Gari Yanakwenda Wapi? Safari ya Ndanda hadi Newala

Anayetoka Masasi kwenda Newala huanza safari akiwa kati ya milima ya mawe, ile migongo mikubwa ya kijivu inayochomoza ghafla katikati ya tambarare. Kisha mawe hubaki nyuma, barabara huteremka kuelekea bonde la Mto Mwiti, na mbele hujitokeza ukingo wa nyanda za juu za Makonde. Newala iko huko juu. Kwa upande huu hakuna namna ya kufika kwetu bila kupanda, na katika kupanda huko gari husema yale yote ambayo lilikuwa likiyaficha mjini.

Oktoba iliyopita tulikuwa tukirejea kutoka Ndanda. Garini tulikuwa sisi, mama watoto, watoto wawili, na mama mkwe aliyekuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Daktari alituagiza mambo mawili: asiiname, na jicho lisiingiwe na vumbi. La kwanza lilikuwa jepesi. La pili, kwa mtu anayekwenda Newala mwezi wa Oktoba, si jepesi hata kidogo. Lami ya Mtwara, Newala na Masasi imesubiriwa kwa miaka mingi, na pale ambapo ujenzi haujafika, gari moja la mizigo linatosha kufunika dunia yote. Kwa hiyo tulipandisha vioo, tukawasha kiyoyozi, tukamkalisha mama kiti cha mbele.

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu. Kwa muda wa miezi miwili kabla ya safari ile, gari lilikuwa likipungukiwa na maji. Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya kwenda msikitini, tulikuwa tukifungua boneti na kujaza chupa moja au moja na nusu. Tulijiona waangalifu. Hatukuwahi kujiuliza maji yale yanakwenda wapi. Gari lenyewe si letu peke yetu. Ni la ndugu watatu waliochanga fedha za misimu miwili ya korosho, nasi tumekabidhiwa funguo kwa sababu tunakaa karibu na wazee. Ni amana, na amana haitunzwi kwa chupa ya maji ya kila Ijumaa.

Tulipoanza kupanda, mshale wa joto ulianza kupanda nasi. Dereva anayejua kazi yake angezima kiyoyozi papo hapo, akashusha vioo na kuwasha hita hadi mwisho, kwa sababu hita ni rejeta ndogo ya pili: huchota joto kutoka kwenye injini na kulileta ndani. Abiria watatokwa na jasho, lakini injini itapumua. Sisi tulilitazama jicho la mama, tukaitazama mawingu ya vumbi, tukasita. Tulisita labda dakika tatu. Mshale ukagusa nyekundu, mvuke ukatoka chini ya boneti, na gari likachemsha.

Tuliegesha kando, chini ya mikorosho, pua ya gari ikielekea juu. Kijana wa bodaboda alikuja mbio na kitambaa mkononi, tayari kufungua mfuniko wa rejeta. Mama mkwe, akiwa amejifunika khanga usoni, alimzuia kwa sauti: “Mwanangu, liache lipoe. Hata sufuria ya uji haifunuliwi kwa pupa.” Alisema kweli kuliko alivyojua. Maji yaliyo ndani ya rejeta yamefungiwa kwa presha, na presha hiyo huyafanya yavuke nyuzi 100 bila kuchemka. Katika magari mengi huweza kupita nyuzi 115. Ukifungua mfuniko, presha huondoka, na maji huchemka kwa mara moja na kuruka pamoja na mvuke, usoni kwako. Tunawajua watu wenye makovu ya jambo hilo. Ngoja nusu saa, na zaidi kama mfuniko bado haushikiki kwa mkono mtupu.

Maji ya kujazia hatukuwa nayo. Msomaji wa Dar es Salaam au Tanga huenda asione uzito wa jambo hilo. Nyanda za Makonde ni nchi ya mchanga mwekundu unaomeza mvua. Maji yako chini mabondeni, na watu wako juu. Tangu miaka ya 1950 kumekuwa na mradi wa kuyasukuma maji kwa pampu kutoka bondeni hadi juu, na bado kuna nyumba nyingi zinazonunua maji kwa ndoo kutoka kwa vijana wa baiskeli. Mama mmoja wa nyumba ya karibu alituona, akatoka na ndoo iliyojaa nusu. Tulimwuliza bei. Akasema, “Mna mgonjwa, baba. Chukueni.” Tulitazama ndani ya nyumba yake: ndoo nyingine hatukuiona.

Tulijaza polepole injini ikiwa imeshapoa, kwani maji baridi juu ya chuma cha moto huweza kupasua silinda hedi. Kisha tukaliwasha gari mfuniko ukiwa wazi na hita ikiwa imewashwa, tukasubiri hewa itoke kwa mapovu na maji yashuke, tukaongeza. Kusimama mlimani pua ikiwa juu kulitusaidia, maana hewa hukimbilia palipo juu. Tulifika Newala baada ya Isha, kwa kusimama mara nne, vioo vikiwa wazi, mama akiwa ndani ya khanga mbili.

Asubuhi tulimwita fundi mmoja mtu mzima anayefanyia kazi chini ya mwembe. Tulitarajia ashike spana. Hakushika kitu. Alikaa juu ya tairi kuukuu akauliza: “Ustadhi, maji haya yanakwenda wapi?”

Tulimjibu kwamba hatujui. Akasema basi tutafute, kwa sababu maji ya gari hayana safari nyingi. Ama yanamwagika nje, ama yanaingia ndani ya injini, ama yanafukuzwa na joto. Alianza na lile tulilokuwa tukiliogopa. Injini ikiwa baridi, alifungua mfuniko akatuagiza tuwashe. Kama gasketi ya hedi imeungua, alisema, mapovu yatakuja mfululizo bila kukoma, na mpira wa juu wa rejeta utakakamaa upesi kabla hata injini haijapata moto. Akachomoa kijiti cha oili: oili ilikuwa nyeusi, si rangi ya chai ya maziwa. Akatazama moshi wa ekzosi: haukuwa mweupe wala mzito. Tulipumua. Gasketi kuungua na hedi kupinda kungetugharimu msimu mzima wa korosho, na ndugu wawili wangetuuliza swali tusilokuwa na jibu lake.

Kisha akaonyesha mambo matatu, na yote matatu yalikuwa ya bei nafuu. Raba ya mfuniko wa rejeta ilikuwa imekauka na kupasuka, hivyo haikushika presha; maji yakachemka mapema. Mpira mwembamba unaopeleka maji kwenye chupa ya akiba ulikuwa umekatika; kwa kawaida maji yakipanuka kwa joto huenda kwenye chupa ile, na injini ikipoa hurudi yenyewe. Yetu yalikuwa yakimwagika barabarani kila tulipopanda mlima, na rejeta ilikuwa ikivuta hewa badala ya maji. Hilo ndilo lililokuwa jibu la chupa zetu za Ijumaa. La tatu, alimulika tochi kati ya rejeta na ile ya kiyoyozi iliyo mbele yake: katikati palikuwa na tope kavu, mabawa ya wadudu na mbegu za nyasi, vimeshikana kama zulia. Feni ilikuwa ikizunguka, lakini upepo haukuwa na mahali pa kupita.

Jambo la nne aliligundua alipofungua nyumba ya thamostati. Ilikuwa tupu. Fundi wa mji mwingine, miaka miwili nyuma, aliitoa na kutuambia kuwa kifaa kile ni cha nchi za baridi. Maneno hayo yameenea Afrika Mashariki nzima, nasi tuliyaamini. Mzee yule alicheka kidogo. Injini, alisema, ina joto lake inalolitaka, iwe Newala au Japani. Bila thamostati huchelewa kupata joto, hula mafuta mengi na kusagika mapema. Asubuhi zetu za Julai ni shahidi. Na katika injini nyingi za aina hii, thamostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato. Ukiitoa, njia ile hubaki wazi, na sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Kwa hiyo kifaa kilichotolewa ili gari lisichemshe ndicho kilichosaidia kulichemsha.

Thamostati iliagizwa Mtwara, ije na basi kesho yake. Alasiri hiyo tuliwachukua watoto kwa miguu hadi Shimo la Mungu, pale nyanda zinapokatika na macho kushuka hadi bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji. Mkubwa aliuliza kama gari linaweza kuteremka huko. Tulimjibu kuwa kuteremka kila kitu kinaweza. Jibu hilo lilimfurahisha kuliko mandhari.

Kesho yake, basi likisubiriwa, mzee alilipitia gari lote. Ea klina ilikuwa nyekundu kama udongo. Aliipuliza kwa upepo kutoka ndani kwenda nje, kamwe si kinyume chake, akasema kwenye vumbi hili iangaliwe kila wiki mbili. Mlio wa kugonga mbele, ambao tulidhani ni shokapu, ulikuwa wa linki za stabilaiza tu. Kuhusu mteremko wa kwenda Masasi alikuwa mkali: teremka kwa gia ndogo, kwa sababu breki inayokanyagwa mfululizo hupata moto hadi ikaacha kushika, na harufu yake ndiyo onyo la mwisho. Tulimwuliza juu ya ile dawa ya kumwaga ndani ya rejeta ili izibe mivujo. Akasema haichagui tundu. Huziba la kuvuja na la kupitishia maji pia. Jamaa mmoja aliyekuwa amekaa kivulini alishauri tuimwage hivyo hivyo, kisha tumuuzie gari mtu wa mbali. Hakuna aliyemjibu, na mzee aliendelea kukaza skrubu.

Rejeta ilitolewa, ikaoshwa kwa maji ya presha ndogo ili mapezi yake yasilale, ikarudishwa na mfuniko mpya, mpira mpya na thamostati. Ndani tulijaza kulanti iliyochanganywa na maji safi, kwa kuwa maji matupu hulisha kutu, na ya kisima chenye chumvi huacha ukoko. Tangu siku ile geji husimama chini kidogo ya katikati na haisogei, na chupa ya Ijumaa tumeiacha.

Wiki iliyofuata mama mkwe alitakiwa Ndanda kuangaliwa jicho. Tulibeba madumu mawili ya maji: moja la tahadhari ya gari, la pili la yule mama wa kando ya barabara. Tulimkuta uani akianika korosho. Sisi hakutukumbuka mara moja. Alilitazama boneti kwanza.

“Limepona?” aliuliza.

Tukamwambia limepona. Ndipo akasogea dirishani, akainama kumtazama mama, akauliza habari ya jicho.