Wiki Tatu za Mwanzo

Sonona ilikuwa ikifika kliniki kwangu kwa jina la ugonjwa mwingine: kichwa kinachowaka moto, mgongo unaotembewa na wadudu, tumbo linalochoma, moyo kwenda mbio. Ukifungua daftari la mgonjwa unakuta keshatibiwa malaria na taifodi mara kadhaa, na vidonge vya vidonda vya tumbo anavimeza kwa mazoea. Pale hospitali ya wilaya wengi waliletwa kwangu baada ya vipimo kukosa cha kuonyesha. Walikaa wamenuna. Kuletwa chumba cha afya ya akili waliona ni kuambiwa kwamba maumivu yao ni ya kubuni.

Kwa hiyo sikuanza na habari za mawazo. Nilianza na usingizi. Anayesema saa tisa usiku macho yanafumbuka yenyewe na hayafumbi tena, na kwamba asubuhi kwake ni mbaya kuliko jioni, huyo nilivuta kiti karibu. Kisha nikauliza kitu alichokuwa akikipenda. Mzee mmoja, fundi seremala, alinijibu kwamba redio yake iko kimya tangu msimu wa ligi uanze. Mtu wa Yanga toka ujana, na hajui hata matokeo!

Dodoso la sonona, PHQ-9, tulikuwa nalo kwa Kiswahili: maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, na jumla ikifika 10 unachimba zaidi. Linasaidia, ila halijui kama mgonjwa amepungukiwa damu au tezi ya shingo imelegea. Wala haliulizi kama aliwahi kupitia siku za kutolala, kuongea bila kituo na kugawa fedha ovyo. Mtu wa namna hiyo ukimpa dawa ya sonona peke yake, unaweza kumrudisha kwenye siku hizo.

Swali la 9, la kutamani kufa, lilinipa kazi kuliko yale manane. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, basi ndugu wataapa kwamba sumu ya panya ilidhaniwa ni dawa ya kikohozi. Kwa maoni yangu kifungu hicho kinaficha wagonjwa, hakiwalindi. Nilikuwa nawaomba ndugu watoke nje, halafu namwuliza mgonjwa waziwazi. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Wengi walishusha pumzi.

Dawa iliyokuwepo stoo mara nyingi ni amitriptyline. Fluoxetine ilikuja na kupotea. Amitriptyline hukausha mdomo, hufunga choo na kulevya kwa usingizi tangu siku za mwanzo, ilhali nafuu yenyewe huchukua wiki 2 hadi 4. Unamwomba mtu aliyekata tamaa avumilie karaha akingojea faida asiyoiamini. Hapo ndipo wengi huacha. Niliwaambia mapema, tena mbele ya ndugu: wiki ya kwanza mtanilaumu. Vidonge nilitoa vya wiki moja moja, vikae kwa ndugu, maana vikimezwa vingi kwa mpigo vinaweza kusimamisha moyo. Tena nguvu za mwili huweza kurudi kabla ya matumaini. Siku hizo nilizihofia kuliko zile za mgonjwa kutoinuka kitandani.

Yule mzee, kwa umri wake na shida ya tezi dume, amitriptyline haikumfaa. Fluoxetine ilikuwepo, akaanza miligramu 20 kila asubuhi. Juu yake nikampa kazi: saa nne apige randa ubao mmoja, atake asitake.

Wiki ya tatu alikuja amefura. Yanga wametoka sare, na refa, kwa maelezo yake, alikuwa kipofu. Nikaandika kwenye faili: amekasirikia mpira, hali nzuri.

“Mwanangu, si nimepona? Dawa za nini tena?”

“Mzee wangu, tuendelee miezi tisa.”

Akataka miwili. Tukavutana pale mpaka mkewe akazichukua dawa, akazitia mkobani na kuniuliza tarehe ya kurudi.