Bastola ya Mpwa Wangu

Kwa sisi wa Nyanza-Lac, bastola si mchezo. Nalisema mapema kwa sababu najua wengi mnaosoma kijarida hiki sasa mko Marekani, Kanada, Australia, na watoto wenu wanakua wakiona vitu ambavyo huku hatuvitaji hata kwa jina tukiwa tunakula. Mwaka huu niliombwa nitoe uamuzi juu ya kitu kama hicho. Naandika jinsi nilivyoufikia, maana nina hakika kuna mjomba mwingine mahali fulani atakuja kuulizwa swali hilohilo.

Dada yangu mkubwa aliolewa na Mbembe wa Fizi. Walikutana sokoni Kasulu, sisi tukiwa bado kambini Mtabila na yeye shemeji akiwa Nyarugusu. Mwaka 2008 sisi tulirudi Burundi, dada akabaki na mumewe, na miaka ilivyokwenda jina la shemeji likatoka, wakapelekwa Marekani pamoja na watoto. Mtoto wao wa kwanza sasa ana miaka 16. Kiswahili chake bado kizuri, ila akitaka kuongea haraka anageuza lugha.

Mwezi wa pili huyo mpwa wangu akaweka picha kwenye grupu la familia la WhatsApp. Amesimama kiubavu, mkono mmoja mfukoni, mwingine umenyooka, na mwisho wa mkono huo bastola kubwa yenye mpini wa mbao uliochongwa kufuata vidole. Chini ameandika: "Mjomba, nimeingia timu." Grupu likanyamaza siku mbili. Grupu lile, wenzangu, halinyamazi hata saa moja.

Siku ya tatu dada akanipigia. Mwalimu wa klabu anasema kijana ana mkono mtulivu. Halafu kuna mzee jirani, mshindani wa bastola za risasi za kweli, anamkaribisha gereji kwake aone jinsi anavyojaza maganda ya risasi upya. Shemeji anasema hakuna shida. Dada halali usiku. "Wewe ndiye mjomba wake, na wewe ndiye unayefanya kazi na vijana. Sema neno."

Kweli ninafanya kazi na vijana, wengi wao waliorudi kama mimi kutoka Nduta na Nyarugusu, na wachache wa Kongo waliovuka ziwa. Mpira, mazungumzo, kuhangaika na karatasi za shule. Sehemu moja ya kazi ambayo haimo kwenye mkataba ni kuwaambia wadogo wasiokote chuma wasichokijua. Kwa hiyo kabla ya kusema neno nilitaka nijue kitu chenyewe ni nini. Nilitumia megabaiti nyingi, na hakuna aliyenirudishia.

Kumbe bastola ile ya kwenye picha haina baruti. Ni ya upepo. Chini ya mtutu kuna kachupa ka hewa iliyobanwa, na kinachotoka ni kipande cha risasi laini chenye upana wa milimita 4.5 na uzito wa nusu gramu hivi. Wanapiga karatasi iliyoko mita 10, kwa mkono mmoja tu. Duara la pointi 10 lina upana wa milimita 11.5. Nililichora kwa rula na kalamu: ni kama ukucha wa kidole changu kidogo. Wanalenga mara 60, na mwisho anayeshinda ni yule ambaye pumzi yake haikumtikisa.

Vifaa vyao vina sheria hata mimi nikacheka. Bastola isizidi gramu 1500. Inawekwa ndani ya sanduku la milimita 420 kwa 200 kwa 50, isipoingia hushindani. Triga lazima ibebe gramu 500 bila kufyatuka, na mwamuzi anaitundikia uzito kabisa kuhakikisha. Kiatu kisifunike kifundo cha mguu, usije ukapata msaada wa kusimama. Ule mkono mfukoni niliodhani ni maringo ndio utaratibu wenyewe: mkono usiofanya kazi unawekwa mahali usichezecheze. Vijana wangu waliutambua mara moja, kwa sababu ya yule Mturuki wa Paris 2024, Yusuf Dikeç, mtu wa miaka 51 aliyesimama na miwani yake ya kawaida kama anasubiri basi, na akaondoka na medali ya fedha ya timu ya mchanganyiko. Picha yake ilifika mpaka huku kwenye simu za wavuvi.

Bei pia ilifika. Bastola ya upepo ya mashindano inazidi dola elfu moja. Ya mpwa wangu ni ya klabu, anaikuta na kuiacha hapohapo. Hilo lilinituliza kuliko yote.

Kitu ambacho sikukijua, na nadhani nyinyi pia wengi hamkijui, ni kwamba mchezo huu tayari una wakimbizi. Kwenye Timu ya Olimpiki ya Wakimbizi Paris 2024 walikuwepo wawili. Francisco Centeno Nieves kutoka Venezuela, aliyekimbilia Meksiko, alilenga kwa bastola ya upepo ya mita 10, ileile ya mpwa wangu. Luna Solomon wa Eritrea alilenga kwa bunduki ya upepo, na kabla ya hapo alikuwa ameshashiriki Tokyo. Luna alianza mchezo huu akiwa mkimbizi Uswisi, akifundishwa na Niccolò Campriani, Mwitaliano mwenye dhahabu tatu za Olimpiki. Nilimtumia dada majina hayo yote mawili. Akajibu kwa neno moja: "Eritrea?" Akanyamaza tena, lakini kunyamaza kwa aina nyingine.

Basi, bastola ya upepo haikunipa shida. Shida ilikuwa gereji.

Mpwa alinitumia video ya dakika sita. Meza safi, taa kali, mashine ya chuma yenye mkono mrefu kama ile ya kukamulia miwa, lakini ndogo. Mzee haonekani uso, mikono tu. Anachukua maganda ya shaba yaliyokwisha kupigwa, yameoshwa yanang'aa. Mashine inalibana ganda lirudi umbo lake, maana likipigwa linatanuka, na inasukuma nje kile kidude cha kuwashia kilicho kitakoni. Anaweka kidude kipya. Anapima baruti kwa mizani; kwa bastola ya kawaida ni punje chache, haifiki hata nusu gramu. Anaweka kichwa cha risasi juu, anakibana, analipima ganda zima, analipanga kwenye kisanduku. Halafu lingine. Halafu lingine.

Nilimuuliza mpwa kwa nini mtu ajitese hivyo wakati dukani zipo. Akanieleza vizuri, naye alijua anachosema. Mshindani anapiga nyingi sana kwa mwaka, na ganda ndicho kitu cha gharama kinachoweza kutumika tena. Lakini sababu kubwa ni kwamba anataka kila risasi ifanane na mwenzake. Kwenye mashindano yale ya kukimbia na kulenga, yanayosimamiwa na IPSC tangu 1976, wanachukua risasi zako kadhaa na kuzipima mwendo. Uzito mara mwendo, kwa hesabu yao, lazima ufikie 125 kwa daraja la chini. Ukipungukiwa, pointi zako hazihesabiwi. Kwa hiyo mzee anaipikia bastola yake kama mama anavyojua chumvi ya sufuria yake. Bastola ndogo za .22, zile za mita 25, wala hawazijazi, kwa sababu cha kuwashia kimo ndani ya ukingo wa ganda lenyewe na kikishapigwa basi.

Na hatari? Mpwa alizitaja bila kuulizwa. Ukiweka baruti mara mbili kwenye ganda moja, bastola inaweza kupasukia mkononi. Ukisahau kuiweka, kile cha kuwashia peke yake kinaweza kusukuma kichwa cha risasi kikakwama ndani ya mtutu, na ukipiga nyingine nyuma yake umejimaliza. Ndiyo maana kwa mzee ni marufuku redio, simu na stori, miwani lazima, na mtu hali kitu mpaka aoshe mikono, kwa sababu ya sumu ya risasi yenyewe, ile metali.

Sasa nilipoangalia video ile, sikuwa naangalia mikono ya mzee. Nilikuwa naangalia maganda. Tuliporudi 2008 nilikuwa na miaka minane, na jembe letu la kwanza kwenye shamba la michikichi lilitoa maganda kama yale, ila ya kijani kwa kutu. Sisi watoto tulikuwa tunayapulizia mdomoni, yanatoa filimbi kali inayosikika mpaka ziwani. Nani aliyapiga, na yalimpata nani, hakuna mtu mzima aliyetuambia. Mzee wa Marekani anainama anaokota maganda yake yote, anayahesabu. Ya kwetu hayakuokotwa na aliyeyapiga.

Nilimpelekea Bibi habari hii nusunusu. Bibi amekimbia mara tatu, 1972, 1996 na 2015, na mara ya mwisho tulikuwa naye Kagunga, kwenye ule mchanga tulipolala maelfu kwa maelfu na kipindupindu, mpaka Liemba ikaja kutuchukua kwenda Kigoma. Nilimwambia kwanza kuhusu karatasi na mita 10. Akasikiliza, akauliza, "Na hiyo karatasi imewakosea nini?" Nikacheka, yeye hakucheka. Nikaendelea, nikafika kwa mzee anayejaza risasi nyumbani. Hapo akaweka chini bakuli la ndagala alizokuwa anachambua.

"Nyumbani?"

"Ndiyo Bibi, gereji kwake."

"Hiyo ni mugobore."

Kwa wasioijua: mugobore ni bunduki ya kienyeji ya bomba la chuma, walizokuwa wanatengeneza watu wakati wa vita. Mwaka 2009 serikali ilipowataka raia warudishe silaha, watu wazima bado walikuwa wanaziongelea kwa sauti ya chini. Bibi anamjua kijana wa mlimani ambaye ya kwake ilimrudia, akabaki na vidole viwili. Kwake yeye, chochote cha bunduki kinachofanywa nyumbani ni hicho. Nilijaribu kumweleza mizani na miwani. Alinisikiliza kwa adabu, kama anavyomsikiliza mtu wa mradi.

Mimi naona Bibi hakosei, na mpwa hakosei. Video ni moja, ila ilitoka mahali ambapo mtu hahitaji leseni kujijazia risasi zake, ikaingia mahali ambapo risasi ni ya serikali au ni ya mtu anayejificha. Simu yangu ikishikwa barabarani na mtu asiye na subira, nitaanzia wapi kumweleza hesabu ya 125? Nilifuta picha na video siku ileile. Sikuwaonyesha vijana wangu video ya gereji, na sitawaonyesha.

Nilimjibu dada kwa ujumbe wa sauti, usiku, mtandao ukiwa mzuri. Nilisema kijana aendelee na bastola ya upepo, kwa moyo wote, na yeye dada aende mara moja akakae nyuma aone kwa macho yake. Gereji ingoje. Kwa sheria yao, mtoto chini ya miaka 18 hashiki bastola ya baruti bila barua ya mzazi, hata kwa shabaha, na barua hiyo asiiandike mtu ambaye halali usiku. Kuna jambo lingine ambalo naomba kila mzazi wa kijarida hiki alishike: nyinyi ambao bado hamjapata uraia, kosa la silaha mahakamani linaweza kumfukuzisha mtu nchini, hata kama ana green card. Jirani wa mzee akikosea analipa faini. Mpwa wangu akikosea anarudishwa, na sijui kwenye nchi gani. Mzee yule ni mtu mzuri, sina neno naye. Lakini hajawahi kuwa mgeni.

Mpwa alikasirika. Wiki mbili hakunijibu. Halafu akatuma picha ya karatasi peke yake, bila bastola, ina matundu mengi upande wa kushoto, na alama: 512 kati ya 600. Nilimwonyesha Bibi. Akaikuza kwa vidole, akahesabu matundu ya katikati kwa sauti, akasema nimwambie aoshe mikono kabla ya kula.

Jumamosi iliyopita nilichora duara la milimita 11.5 kwenye ganda la boksi, nikalifunga kwenye mti pale juu kidogo ya maji yalipofikia ziwa lilipopanda, nikapima hatua za mita 10. Manati moja, kokoto, mkono mmoja wenye manati usitikisike. Vijana 23, kila mmoja mara tano. Waliokuwa wanajisifu kwa kupiga ndege waliangusha maembe ya watu. Msichana mmoja wa Uvira alichana ukingo wa boksi, tukampigia makofi kama amefunga goli. Wamenisihi tusogeze mpaka mita tano. Nimekataa.