Nani Aliyetia Tembo Maji?

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii sote tunaijua, na kila kijana mwenye kipaji anapokosa kufika alikotarajiwa, watu huitoa mfukoni upesi kama kitambulisho. "Alisifiwa mno," watasema, "akaota mapembe." Kesi imekwisha, kila mtu anakwenda zake. Mimi leo, wanafunzi wenzangu na walimu wetu wapendwa, nimeshika kalamu kuuliza swali moja tu: je, ni mgema siku zote anayetia maji? Haiwezekani wakati mwingine ikawa ni wanywaji wenyewe, waliojaa kilabuni wakimpigia makofi?

Ushahidi wangu nitautoa mbali, katika mchezo wa kuteleza kwenye barafu kwa madaha. Usicheke, msomaji. Najua utaniuliza, "Wewe mtoto wa mashamba ya mahindi, barafu umeijulia wapi?" Niliijulia kwenye runinga ya mjomba mwaka 2022, nikiwa bado shule ya msingi, wakati wa Olimpiki ya Majira ya Baridi kule Beijing. Hata hapa kwetu kuna uwanja wa barafu ndani ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, Nairobi, ingawa mimi sijabahatika kuukanyaga. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari za wachezaji hawa kila ninapozipata, na waliovutia moyo wangu zaidi si mabingwa. Ni wale walioambiwa watakuwa mabingwa, kisha mambo yakaenda mrama.

Kwanza tuujue mchezo wenyewe. Huchezwa juu ya sakafu ya barafu yenye urefu wa mita 60 hivi na upana wa mita 30. Mchezaji huvaa viatu vyenye chuma chembamba chini ya soli, chuma cha upana wa milimita 4 hivi tu. Juu ya chuma hicho huteleza, hucheza kwa kufuata muziki, huruka hewani na kuzunguka kama pia. Hodari wa siku hizi huzunguka mara tatu au hata nne hewani kabla ya kutua, na yote hayo kwa muda usiofika sekunde moja. Tena hutua kwa mguu mmoja, akirudi kinyumenyume! Akikosea kidogo tu, yuko chini mbele ya dunia nzima, na waamuzi wako pale kando wanaandika alama. Si mchezo, jamani.

Haya, nianze na Janet Lynn wa Marekani. Alikuwa bingwa wa nchi yake mara tano mfululizo, kutoka mwaka 1969 hadi 1973. Katika kucheza kwa muziki, wa kumshinda hakuwa rahisi kupatikana. Lakini siku hizo mashindano yalikuwa na sehemu mbili. Kabla ya muziki, mchezaji alitakiwa kuchora maduara na namba nane juu ya barafu kwa makali ya viatu vyake, polepole, huku waamuzi wakiinama kukagua mistari kama mwalimu wa hesabu anayesahihisha daftari. Michoro hiyo ilibeba nusu ya alama zote.

Katika Olimpiki ya Sapporo, Japani, mwaka 1972, Trixi Schuba wa Austria, fundi wa michoro asiye na kifani, alijikusanyia alama nyingi ajabu. Ilipofika zamu ya muziki alikuwa wa 7, na bado akavikwa nishani ya dhahabu. Janet alikuwa wa kwanza katika muziki, akapewa shaba. Hata katika kucheza kwake alianguka akakaa kitako juu ya barafu, akatabasamu, akainuka, akaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Wajapani wakampenda kupita kiasi.

Simlaumu Trixi hata chembe. Yeye alifanya kilichotakiwa na sheria za wakati wake, tena alikifanya barabara. Nasema tu kwamba Janet alipimwa kwa mizani isiyopima kile alichokuwa nacho kwa wingi. Wakubwa wa mchezo wenyewe waliliona jambo hilo, na mwaka 1973 wakaipunguzia michoro uzito na kuongeza sehemu fupi ya muziki. Watu wakasema, sasa njia ni nyeupe kwa Janet. Kumbe! Mwaka huo huo, katika mashindano ya ubingwa wa dunia mjini Bratislava, Janet alianguka mara mbili katika sehemu ile ile mpya. Dhahabu ikaenda kwa Karen Magnussen wa Kanada, yeye akapata fedha. Ubingwa wa dunia hakuupata maishani mwake. Alitia saini mkataba wa zaidi ya dola milioni 1.4 kwa miaka mitatu na kampuni ya maonyesho iitwayo Ice Follies, na wakati huo hapakuwa na mwanamichezo wa kike aliyelipwa kiasi hicho. Lakini pumzi zilimsumbua, na baada ya miaka michache akaacha. Michoro nayo ilikuja kuondolewa kabisa katika mashindano makubwa baada ya mwaka 1990. Sasa niambie, msomaji, Janet alitia maji lini?

Wa pili ni Laurence Owen, naye pia wa Marekani. Mwaka 1961, akiwa na umri wa miaka 16, alikuwa bingwa wa nchi yake, na picha yake ikatokea kwenye jalada la gazeti la Sports Illustrated la tarehe 13 Februari. Siku mbili baadaye, ndege iliyokuwa imebeba kikosi kizima cha Marekani kuelekea mashindano ya dunia mjini Prague ilianguka karibu na Brussels. Abiria na wahudumu wote 72 walikufa, pamoja na mtu mmoja aliyekuwa shambani. Laurence alikuwa ndani, yeye na dada yake, na mama yao aliyekuwa kocha wao. Mashindano yakafutwa. Hapo hakuna mgema wala tembo. Kuna mauti tu, nayo haina kinga.

Wa tatu ni Mabel Fairbanks, aliyezaliwa mwaka 1915. Huyu alikuwa Mmarekani Mweusi. Viatu vyake vya kwanza vya barafu vilikuwa mitumba, tena vikubwa kuliko miguu yake, hivyo akavijaza pamba ili vimkae. Alijifunza akawa stadi, lakini vilabu vya New York vya miaka ya 1930 havikumpokea kwa sababu ya rangi yake, na bila klabu hapakuwa na njia ya kuingia mashindanoni. Basi akacheza kwenye maonyesho, kisha akageuka kuwa kocha, akawafundisha watoto wa kila rangi. Ni yeye aliyewaunganisha Tai Babilonia na Randy Gardner wakiwa wadogo, na hao wakaja kuwa mabingwa wa dunia wa wawili wawili mwaka 1979. Mwaka 1997 jina lake liliingizwa katika orodha ya heshima ya mchezo huo huko Marekani, akiwa na umri wa miaka zaidi ya 80. Heshima hiyo ni nzuri, lakini miaka yake ya kushindana haikurudi.

Sasa nafika kwa watoto, na hapa ndipo moyo wangu unaposhikwa.

Yulia Lipnitskaya wa Urusi alikuwa na miaka 15 katika Olimpiki ya Sochi, mwaka 2014. Alivaa nguo nyekundu, akacheza kwa muziki wa filamu ya Schindler's List, akawashinda wanawake wenzake wote katika shindano la timu, na Urusi ikapata dhahabu. Ghafla akawa gumzo la dunia. Siku chache baadaye, katika shindano la mtu mmoja mmoja, alianguka na kumaliza wa 5. Waliokuwa wakimwita nyota wakaanza kuuliza ana nini. Mwaka 2017, akiwa na miaka 19, ilitangazwa kwamba ameacha kucheza na kwamba alikuwa ametibiwa ugonjwa wa anoreksia, yaani ugonjwa unaomfanya mtu ajinyime chakula huku mwili ukiisha.

Nilipoisoma habari hiyo niliwatazama wenzangu bwenini. Katika mchezo ule, mwili mdogo na mwepesi huzunguka hewani kwa urahisi. Msichana anapobalehe, anarefuka, nyonga zinapanuka, uzito unaongezeka, na miruko aliyoizoea inaanza kumkataa. Jambo ambalo kwetu ni la kawaida, ambalo mama zetu hulifurahia wakisema "mtoto amekua," kwa wasichana wale ni hofu. Wanashindana na saa iliyo ndani ya miili yao wenyewe.

Wa mwisho katika kundi hili ndiye niliyemwona kwa macho yangu, Kamila Valieva, naye wa Urusi, naye wa miaka 15, chini ya kocha yule yule wa Yulia. Mjini Beijing alikuwa mwanamke wa kwanza kutua mruko wa mizunguko minne katika Olimpiki. Mara ikafichuka kwamba sampuli aliyotoa tarehe 25 Desemba 2021 ilikuwa na dawa ya moyo iliyopigwa marufuku. Aliruhusiwa kucheza huku kesi ikiendelea. Alikuwa akiongoza, lakini siku ya mwisho akaanguka tena na tena, akawa wa 4. Alipotoka barafuni akilia, kocha wake alimuuliza mbele ya kamera kwa nini aliacha kupigana. Mjomba wangu, ambaye hajui lolote la barafu, aliweka kikombe cha chai chini akasema, "Kwani huyo mtoto hana mtu wake hapo?"

Mwaka 2024 mahakama ya michezo ilimfungia miaka minne, kuhesabu kuanzia siku ile ya sampuli. Mimi sitetei dawa. Aliyezuiwa na sheria amezuiwa. Lakini mtoto wa miaka 15 huwa amezungukwa na watu wazima, na hao ndio wenye kuamua ale nini, alale saa ngapi na afanye mazoezi kiasi gani. Wakubwa wa mchezo walielewa hivyo, kwa maana Juni 2022 walipitisha umri wa kushiriki mashindano ya wakubwa upandishwe kutoka miaka 15 hadi 17.

Pengine unajiuliza mambo haya yananihusu nini mimi nisiye na hata viatu vya barafu. Ngoja nikueleze. Matokeo ya KCPE ya mwaka 2023, ile ya mwisho kabisa, yalipotoka, nilikuwa wa kwanza katika shule yetu. Kijiji kilishangilia. Ikafanywa harambee ya karo yangu, watu wakatoa walichokuwa nacho, mwingine kuku, mwingine debe la mahindi. Siku hiyo hiyo mzee mmoja akasimama akanipa jina la Daktari, na jina likanata kama gundi. Tangu hapo nikirudi likizoni naulizwa njiani, "Daktari, utatutibu lini?" Wanasema kwa upendo, najua. Fadhila zao sitazisahau hadi kaburini. Lakini mimi ninapenda lugha. Nikikaa na kitabu cha fasihi sisikii kengele, na nikikaa na kemia nasikia kila dakika ikipita. Sijawaambia bado. Kila nikitaka kusema, naliona lile debe la mahindi. Mtu mmoja tu nyumbani ndiye asiyeniita Daktari, nyanya yangu. Yeye nikifika mlangoni huuliza, "Umekula?"

Ndiyo maana napenda kumalizia na Gracie Gold wa Marekani. Hebu fikiria, jina la ukoo wake lenyewe maana yake ni dhahabu! Magazeti yalishindwa kujizuia. Alikuwa bingwa wa nchi yake mwaka 2014 na tena 2016. Kule Sochi alipata shaba ya timu, na peke yake akawa wa 4. Mwaka 2016, katika mashindano ya dunia mjini Boston, aliongoza baada ya sehemu ya kwanza, kisha akateremka hadi wa 4 tena. Mwaka 2017 aliacha mashindano akaenda kutibiwa msongo wa mawazo na matatizo ya kula. Wengi walidhani ndiyo basi. Lakini alirudi, na mwaka 2020 akashiriki tena ubingwa wa Marekani. Alimaliza wa 12. Hiyo siyo nafasi ya nishani, na mizunguko mingine ya zamani hakuwa nayo. Hata hivyo watazamaji walisimama wakampigia makofi.

Nimewaza sana kuhusu makofi yale. Sidhani yalikuwa ya kumdai kitu. Yalikuwa ya kumwona yuko hai, anacheza. Yale ya mwanzo yalikuwa na deni ndani yake, kwa sababu tuliomsifu ndio tuliotoa ahadi ya dhahabu kwa niaba yake, kisha tukamdai yeye alipe.

Basi nikitia nanga, nawaomba jambo dogo. Walimu wetu, mnapomwona mwanafunzi aking'ara, msifuni, kwani sifa ni chakula. Lakini mumuulize pia yeye mwenyewe anataka kwenda wapi. Wanafunzi wenzangu, yule aliyekuwa namba moja mwaka jana na sasa ameshuka, msimtolee methali ya mgema kabla ya kujua mizani imebadilika vipi, au nyumbani kuna nini, au usiku analala saa ngapi. Nami likizo hii nitaanza na nyanya. Nitakula kwanza, kisha nimwambie habari za fasihi.