F ya Hisabati kwenye Mlango wa Udaktari

Kila mwezi Januari, matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, mjadala wetu hudumu wiki mbili. Tunahesabu shule zilizofanya vizuri, tunalaumiana kuhusu Hisabati, kisha tunahamia kwenye mambo mengine. Kwa watahiniwa wenyewe jambo haliishi hapo. Herufi moja waliyoipata wakiwa na miaka 17 huweza kuwasubiri miaka 10 mbele, kwenye mlango ambao wakati ule hawakujua kama wangewahi kuubisha.

Nimelazimika kulitafakari jambo hili kwa sababu ya mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Ni tabibu katika zahanati moja kwenye miteremko ya Mlima Meru, juu ya Usa River, mahali ambapo migomba na kahawa hufuatana hadi karibu na mpaka wa msitu, na ambapo wakati wa masika hata pikipiki hushindwa kupanda. Amefanya kazi huko miaka sita. Hupokea wajawazito, watoto wenye nimonia, vijana waliojikata kwa panga shambani na wazee wenye shinikizo la damu. Siku nyingi hakuna mtaalamu aliye juu yake katika jengo lile. Yeye ndiye anayeamua nani atibiwe pale na nani ashushwe haraka kwenda hospitali.

Mwaka jana aliomba kujiunga na shahada ya udaktari wa binadamu. Stashahada yake ya utabibu ina wastani wa 3.9, wakati kiwango kinachotakiwa ni 3.0. Maombi yake hayakupita. Sababu ilikuwa moja: katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012 alipata F ya Hisabati.

Kwa wasiozifahamu taratibu zetu, njia za kuingia shule ya udaktari nchini ni mbili kubwa. Ya kwanza ni ya kidato cha sita: mwombaji awe amefaulu Fizikia, Kemia na Biolojia, angalau D katika kila somo. Ya pili ni ya wenye stashahada. Mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu unataka tabibu awe na wastani wa B au 3.0, na juu ya hapo awe na angalau D ya kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza. Masomo matano, na hakuna hata moja linaloweza kufidiwa na jingine, wala na miaka ya kazi.

Sasa tazama masharti ya kuingia kwenye stashahada yenyewe. Anayetaka kusomea utabibu hudaiwa ufaulu wa Kemia, Biolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza hutajwa kuwa sifa ya nyongeza tu. Kwa hiyo kijana mwenye F ya Hisabati hupokelewa kwa mikono miwili, hufundishwa miaka mitatu, hupewa leseni, huajiriwa na serikali na kukabidhiwa kijiji kizima. Siku anapotaka kupanda ngazi ndipo anapoambiwa kwamba alikuwa na upungufu tangu mwanzo.

"Mjomba," aliniambia, "kama wangenieleza mwaka wa kwanza, ningeurudia mtihani nikiwa bado nina muda na kichwa chepesi." Sikuwa na jibu. Nilichomuuliza ni kama anaona sharti lenyewe ni la uonevu. Alifikiri kidogo, akasema hapana. Daktari lazima ajue hesabu.

Nakubaliana naye, na ni vizuri kulisema hili mapema, kwa kuwa wapo wasomaji watakaodhani ninaomba huruma. Hesabu katika tiba ni suala la uhai. Mtoto wa kilo 12 mwenye homa hupewa parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo, yaani miligramu 180. Ikiwa dawa ya maji ina miligramu 120 katika mililita 5, mtoto huyo anahitaji mililita 7.5. Ukikosea nukta umempa mtoto dozi mara kumi. Mpwa wangu hupiga hesabu za namna hii kila siku, na hakuna anayemuuliza kuhusu mwaka 2012. Daktari anahitaji zaidi ya hapo: lazima aweze kusoma utafiti, aelewe uwezekano na takwimu, ajue lini tofauti kati ya dawa mbili ni ya kweli na lini ni ya bahati. Siku nitakapolazwa, nami nitataka daktari anayejua mambo hayo.

Swali langu ni jingine. Je, F ile inatueleza nini leo kuhusu mtu huyu?

Wenye umri wangu wanaukumbuka vizuri mtihani wa mwaka 2012. Matokeo yalipotangazwa Februari 2013, takribani asilimia 60 ya watahiniwa, zaidi ya vijana 240,000, walikuwa wamepata daraja sifuri. Nchi ilitaharuki. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume, na mwezi Mei serikali ikaliarifu Bunge kwamba matokeo yale yanafutwa na alama zitapangwa upya. Mpwa wangu, aliyekuwa na sifuri mwezi Februari, alijikuta na daraja la nne. Kemia yake iliyokuwa F ikawa D. Kati ya Februari na Mei hakuwa amesoma hata ukurasa mmoja zaidi. Kalamu ya serikali ndiyo iliyomfungulia mlango wa utabibu, na kalamu hiyohiyo iliiacha Hisabati yake palepale ilipokuwa.

Mambo hayakuishia hapo. Mwishoni mwa mwaka 2013 mipaka ya madaraja ilibadilishwa, F ikaanzia chini ya alama 20. Baadaye ukaja mfumo wa wastani wa pointi, kisha ukaondolewa, tukarudi kwenye madaraja tuliyoyazoea. Leo F ni alama yoyote chini ya 30. Maana yake ni kwamba mtahiniwa mwenye alama 25 hubeba herufi tofauti kwa kutegemea mwaka aliozaliwa. Na kwa kuwa cheti huonyesha herufi pekee, mpwa wangu hajui hadi leo kama alipata 3 au alibakiza alama moja tu kuvuka.

Kuna jambo jingine ambalo cheti hakilisemi. Alisoma katika shule ya kata, mojawapo ya zile zilizojengwa kwa wingi chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004. Mpango ule ulikuwa na nia njema na uliwafikisha sekondari watoto ambao wazazi wao hawakuiota. Lakini madarasa yalijengwa haraka kuliko walimu walivyoweza kuandaliwa. Katika shule yake mwalimu wa Hisabati alikuwa mmoja kwa vidato vyote vinne, na kuna muhula ambao hakuwepo kabisa. Kitaifa, katika muongo mzima uliopita waliofaulu Hisabati ya kidato cha nne hawakuwahi kufika theluthi moja ya watahiniwa. Tunapoifanya F hii kuwa kifungo cha maisha, tunamhukumu kijana kwa somo ambalo kwa sehemu kubwa sisi wenyewe tulishindwa kumfundisha.

Historia yetu inaonyesha kwamba tumewahi kuwapima watu kwa namna nyingine. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliwataka waombaji wa chuo kikuu wafanye kazi kwanza na waje na mapendekezo ya huko walikofanya kazi. Azimio lile lilikuwa na kasoro zake, mojawapo ikiwa ni mapendekezo yaliyotegemea kupendwa na wakubwa, na hatimaye liliachwa. Lakini ndani yake mlikuwa na wazo zuri: kazi ya mtu nayo ni ushahidi.

Sekta ya afya ililitumia wazo hilo kwa miongo mingi kupitia kada ya madaktari wasaidizi. Tabibu mwenye uzoefu alirudi darasani miaka miwili, kisha akaruhusiwa kufanya hata upasuaji wa kumtoa mtoto tumboni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu hospitali za Mwanza na Kigoma ulionyesha kwamba wao ndio waliofanya sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi, na kwamba matokeo ya wagonjwa wao hayakutofautiana kwa maana yoyote na ya wale waliohudumiwa na madaktari wenye shahada. Mafunzo hayo yamekwisha kusitishwa. Zipo hoja za kuyasitisha, hasa kwa kuwa sasa vyuo vinatoa madaktari wengi zaidi. Lakini ngazi ilipoondolewa, hakuna aliyewafikiria waliokuwa wakielekea kuipanda.

Nimewahi kuketi katika kamati ya udahili, ingawa si ya udaktari, na najua karatasi zinavyosomwa. Programu ya kompyuta hutangulia. Mwombaji asiyetimiza sharti moja hatufikii sisi tulioketi mezani. Nchini Marekani mwombaji wa shule ya udaktari analazimika kuorodhesha kila somo alilosoma chuoni, hata lile alilofeli na kulirudia; hakuna kufichwa. Lakini huambatanisha pia insha yake, na akivuka hatua za mwanzo huitwa kwenye usaili. F yake inaonekana, naye anaonekana pamoja nayo. Kwetu F inaonekana, mtu haonekani.

Mlango ukifungwa hivyo, hutokea watu wa kuuza ufunguo. Mwezi uliofuata kukataliwa kwake, mpwa wangu alifuatwa hapa mjini na mtu aliyejitolea kumsafishia cheti kwa bei ambayo hakunitajia. Alikataa. Watumishi wa umma wanaonisoma wanajua kwa nini. Tarehe 28 Aprili 2017, pale Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki iliyokuwa na majina ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Tunaijua aibu ya siku ile na familia zilizoyumba. Simtetei aliyeghushi, mgonjwa hana kinga dhidi ya mganga wa uongo. Lakini mfumo usioacha njia halali ya kurekebisha alama humwacha kila mwaka mtu mmoja dhaifu aingie kwa dirishani.

Njia halali ipo, ingawa ni nyembamba. Mtu yeyote anaweza kurudia Hisabati kama mtahiniwa wa kujitegemea, na mpwa wangu amekwisha kujisajili kwa mtihani wa Novemba. Anakaribia miaka 30. Akitoka zamu jioni huteremka Tengeru kwenye kituo cha masomo ya ziada, huketi katikati ya vijana wa miaka 18 na kujifunza matriksi na trigonometria. Wiki anayoingia zamu ya usiku, masomo humpita. Dada yangu ananiuliza kama kuna uhakika wowote kwamba atafaulu. Hakuna. Na akifaulu, bado atashindania nafasi, kisha aombe ruhusa ya masomo kwa mwajiri ambaye hana mtu wa kumweka badala yake pale zahanati.

Napendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linaloshusha kiwango. Kwanza, kila chuo cha utabibu kimweleze mwanafunzi siku ya kusajiliwa, kwa maandishi, masomo ambayo yatamzuia kuendelea na shahada asipoyarudia. Hili halihitaji bajeti. Pili, Hisabati na takwimu za afya zifundishwe ndani ya stashahada kwa uzito wake na kutahiniwa kitaifa, na atakayefaulu mtihani huo ahesabiwe kuwa ameifuta F ya kidato cha nne. Ushahidi wa mtu mzima wa miaka 21 uwe na nguvu kuliko wa mtoto wa miaka 17. Tatu, vyuo vya udaktari vitenge nafasi chache kwa matabibu waliotumikia vijijini miaka mitano au zaidi, wapimwe kwa mtihani wa kuingilia na usaili. Mtihani huo uwe mgumu. Wengi wao hawaombi wepesi, wanaomba kupimwa leo.

Kwa wanafunzi wangu, na kwa wale wenye F mahali fulani kwenye karatasi zao: someni masharti ya ngazi mbili mbele ya ile mnayoiomba, na somo linalowadai lilipeni mapema, kabla kazi na watoto hawajaugawana muda wenu. Kwa watunga sera swali langu ni jepesi zaidi. Kesho asubuhi mama mmoja atapanda njia ya udongo akiwa na mtoto mwenye homa mgongoni, na serikali yetu itamkabidhi mtoto huyo kwa mtu ambaye imesema hafai hata kuketi katika darasa la udaktari. Ni lipi kati ya haya mawili tunaloliamini?